Marehemu Shaaban Robert na Manyani Wawili

Nataka kuwapa habari za marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam, na tangu 1926 akawa karani wa Forodha. Baadaye alihamia Idara ya Wanyama. Vitabu vyake vingi aliviandika angali mtumishi wa serikali.

Katika hivyo mimi nakipenda zaidi Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Mna majini, mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na mna manyani wawili ambao Adili huwapiga mijeledi kila usiku, kisha huwalisha. Kumbe ni ndugu zake wa damu! Walimtupa baharini kwa husuda, na jini akawageuza. Asipowapiga, ataadhibiwa yeye. (Katika Alfu Lela u Lela kipo kisa cha namna hii, ila huko ndugu ni mbwa.)

Sisi wa Busanza, baada ya yale ya 1994, hatuwezi kusoma habari za ndugu kumtupa ndugu kama mchezo. Nilipofika mahali mfalme Rai anapowaombea manyani msamaha, nilifunga kitabu kwanza. Marehemu aliwarudishia utu wao. Alifariki mwaka 1962, na darasani kwetu bado tunabishana kama alifanya haki.