Kalamu ya Sheikh Al-Amin

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake alifariki yeye akingali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Kisha akavuka kwenda Unguja kuchota elimu kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki mwaka 1947.

Lakini si cheo kitufanyacho tumkumbuke. Wengi katika maulamaa wa zama zake waliandika kwa Kiarabu, wakasomana wenyewe kwa wenyewe. Yeye alitoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akawasemeza watu wake kwa Kiswahili. Aliwataka wazazi wawasomeshe watoto, na mabinti pia, elimu ya kisasa bila ya kuiacha adabu ya chuoni. Na kwa kuwa herufi za Kiarabu hazina p, ch, g wala v, alizifanyia alama, ili neno la Kimvita lisomwe kama litamkwavyo.

Hati hiyo leo waijuao ni wachache. Mtoto wetu huhitimu chuoni akiisoma Kurani vizuri, naye hawezi kusoma barua ya babu yake iliyoandikwa kwa herufi zizo hizo. Wakuu wa elimu, nasi wazazi wa visiwani (tusijitoe), twangoja nani aifungue kasha ile?