Galileo na mpaka wa usiku mwezini

Mwezi ukifika nusu, msikilizaji wa Mbagala au Tegeta anauona mpaka wenyewe kwa macho tu: upande huu mchana, upande ule usiku. Aliyeutumia mstari huo kuitikisa elimu ya anga ni Galileo Galilei, aliyezaliwa Pisa, Italia, tarehe 15 Februari 1564.

Baba yake, mwanamuziki, alimpeleka kusomea udaktari. Kijana akaacha bila shahada, akafuata hesabu. Kuanzia 1592 alifundisha Chuo Kikuu cha Padua, na kwa kuwa mshahara haukutosha na ndugu walimtegemea, alipangisha wanafunzi nyumbani kwake.

Mwaka 1609 alisikia habari za darubini ya Waholanzi. Akatengeneza yake, akaiboresha hadi ikakuza mara 20, na mwishoni mwa mwaka akaielekeza mwezini.

Wasomi wengi walifundisha kwamba Mwezi ni tufe laini. Ingekuwa hivyo, mpaka wa mchana na usiku ungekuwa mstari safi. Galileo aliuona umechanika kama ukingo wa karatasi iliyoraruliwa. Ndani ya giza kulikuwa na vidoa vya mwanga, na baada ya saa mbili tatu vilikua vikaungana na upande wa mchana. Akaelewa kuwa hivyo ni vilele vya milima. Hata kwetu, Kibo hupata jua Moshi mjini kukiwa bado giza. Kwa kupima umbali wa kidoa kutoka mpakani, alikokotoa urefu wa milima hiyo: zaidi ya maili 4 za Kiitalia. Mpaka huo wa mwezini huenda polepole, kama kilomita 15 kwa saa. Mwenye baiskeli angeweza kuukimbia. Wa kwetu hupita juu ya Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa.

Waitalia wa enzi hizo walihesabu saa tangu jua kutua. Kwa hiyo Galileo alipoziona nyota ndogo kando ya Mshtarii, tarehe 7 Januari 1610, aliandika kuwa ni saa ya kwanza ya usiku. Saa moja usiku, kama tusemavyo sisi.

Mwishoni mwa mwaka huo aliona Zuhura nayo ikipungua na kujaa kama Mwezi. Maana yake inalizunguka Jua, wala si Dunia. Kuitetea hoja ya Jua kuwa katikati kulimponza. Mwaka 1633, akikaribia miaka 70, Kanisa lilimhukumu mjini Roma, akalazimishwa kukana kwa kupiga magoti, kisha akafungiwa nyumbani kwake Arcetri, karibu na Firenze.

Huko, mwaka 1637, macho yakiwa yameanza kufa, aligundua kwamba Mwezi huyumba kidogo, hata madoa ya ukingoni huonekana na kupotea. Miezi michache baadaye akawa kipofu kabisa. Kitabu chake cha mwisho, kilichochapwa Leiden 1638, kilimfikia akiwa hawezi tena kukisoma. Alifariki 8 Januari 1642, bado akiwa kifungoni.