Dakta Albert Cook na Hospitali ya Mengo

Kati ya watu wa zamani walioitumikia Afrika ya Mashariki, mimi humheshimu sana Dakta Albert Cook. Alizaliwa Uingereza mwaka 1870, akasomea uganga, kisha akajitolea kwenda Uganda. Wakati huo reli ilikuwa haijafika huko, hivyo yeye na wenzake, pamoja na muuguzi Bibi Katharine Timpson, walikwenda kwa miguu kutoka Mombasa.

Walifika Mengo, makao ya Kabaka, mwezi wa Februari 1897, na mwaka huo huo wakafungua hospitali ya kwanza ya Uganda. Mwaka 1900 Dakta alimwoa Bibi Katharine. Mwaka 1901 yeye na ndugu yake, Dakta Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali, ikateketea. Dakta hakukata tamaa. Ikajengwa nyingine, ya matofali.

Lakini sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuificha elimu yake. Aliandika kitabu cha maneno ya uganga kwa Kiganda. Naye mkewe alianzisha shule ya wakunga mwaka 1918, na wasichana wa nchi wakajifunza kuokoa maisha ya mama na watoto wachanga.

Dakta Cook alifariki mwaka 1951, akazikwa Namirembe. Hospitali ya Mengo ingali ikitibu watu. Basi, wanafunzi wenzangu, sisi tunaotamani uganga tusisome kwa ajili ya nafsi zetu tu. Tutakayoyajua tuwafundishe na wengine.