Maisha ya Robert Koch yawe somo la kinga kwa watoto wetu

Katika madarasa ya huku kwetu Mugutha, viungani mwa mji wa Ruiru, si vigumu kumpata mwanafunzi awezaye kuorodhesha maradhi kumi na visababishi vyake pasi na kutua. Atakwambia kwamba kipindupindu huletwa na bakteria, surua huletwa na virusi, na malaria huletwa na kijidudu kinachosafirishwa na mbu. Atautaja UKIMWI pia, na hata kueleza kwamba kirefu chake ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Lakini mwulize kinga hiyo inayopungua ni kitu gani, na hufanya kazi gani siku ile ambayo mtu haugui, nawe utaona kimya kikitanda. Mtoto amefunzwa majina ya wezi wote, ila hakuambiwa kwamba nyumba yake ina mlinzi.

Ninashikilia kwamba kasoro hii si ya mtoto. Tumeirithi kutoka kwa kizazi cha wataalamu waliovutiwa mno na ugunduzi wa viini vya maradhi hata wakausahau mwili unaopambana navyo. Sijui maisha yanayolidhihirisha jambo hili vyema zaidi kuliko ya daktari Mjerumani, Robert Koch, mtu ambaye kazi yake ilimfikisha hadi Dar es Salaam, milima ya Usambara na visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria. Nitayasimulia maisha hayo, kisha nitoe rai yangu kwa walimu.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini katika milima ya Harz, akiwa mmoja wa watoto 13. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Baada ya kutangatanga kutafuta riziki, na baada ya kuhudumu katika vita baina ya Ujerumani na Ufaransa, aliajiriwa mwaka 1872 kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo nchini Poland. Hakuwa na maabara wala wasaidizi. Alikuwa na hadubini, chumba cha kuwatazamia wagonjwa, na pazia lililokigawa chumba hicho ili nyuma yake afanye uchunguzi wake.

Wakati huo kondoo na ng'ombe wa wakulima wa wilaya hiyo walikuwa wakiangamizwa na kimeta. Koch alichukua vibanzi vya mbao, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa, akawachoma navyo panya. Panya walipokufa, akachukua damu yao na kuwachoma wengine, na kila mara alikiona kijidudu kile kile chenye umbo la kijiti. Kisha akakikuza nje ya mwili, katika majimaji ya jicho la ng'ombe, na kuthibitisha kwamba hicho ndicho kiletacho kimeta. Mwaka 1876 alikwenda Breslau kuwaonyesha maprofesa kazi yake, na kuanzia hapo daktari wa mashambani hakuwa mtu wa mashambani tena. Mwaka 1880 aliitwa Berlin.

Huko Berlin alijitosa katika uchunguzi wa kifua kikuu, ambacho kwa makadirio yake mwenyewe kilimwua mtu mmoja katika kila saba waliofariki. Wengi wa madaktari wa zama hizo waliamini kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya wataalamu wenzake na kuwaonyesha kijidudu kinachouleta. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Misri na India kukisaka kijidudu cha kipindupindu. Jina lake likavuma kote duniani.

Hapa ndipo penye funzo la kwanza. Mwaka ule ule wa 1882, katika mji wa Messina ufuoni mwa Italia, Mrusi aliyeitwa Elie Metchnikoff alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao hupenyeza mwanga, akavichoma kwa miiba ya waridi. Kulipokucha alitazama kwa hadubini, akaona chembechembe ndogo zimekusanyika kuuzingira kila mwiba. Alitambua kwamba hata usaha unaojaa kwenye kidole cha mtu aliyechomwa na mwiba ni dalili ya mapigano, na kwamba chembechembe nyeupe za damu huvimeza viini vinavyovamia mwili. Alipokwenda Berlin mwaka 1887 kumweleza Koch mambo haya, alipokewa kwa ubaridi. Koch aliyejua kumtafuta adui hakuona bado umuhimu wa askari.

Miaka mitatu baadaye mambo yalimgeukia. Mwezi Agosti 1890, katika mkutano mkuu wa madaktari mjini Berlin, alidokeza kwamba amepata kitu kinachoweza kukizuia kifua kikuu. Dawa hiyo, tubakulini, ilitengenezwa kutokana na vijidudu vyenyewe, ingawa Koch aliificha siri yake kwa miezi kadhaa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya, wengine wakiwa hawana nguvu hata za kushuka kwenye gari la moshi. Muda si muda ikabainika kwamba tubakulini haiponyi. Wengi walizidiwa na baadhi wakafariki baada ya kuchomwa sindano hiyo. Sifa zikageuka lawama, na Koch akaondoka kwenda Misri.

Kilichotokea ni nini? Koch mwenyewe alikuwa amejidunga dawa hiyo na kupatwa na homa kali. Alilolishuhudia bila kulielewa ni kumbukumbu ya mwili. Mtu ambaye mwili wake umewahi kukutana na kijidudu cha kifua kikuu hukitambua kinapotokea tena, hata kama ni mabaki yake tu, na kinga yake huamka kwa kishindo. Ndiyo maana tubakulini iliyoshindwa kuwa dawa ikafaa kuwa kipimo. Kuanzia mwaka 1907 madaktari wengine waliitumia kiasi kidogo ngozini ili kujua ni nani aliyewahi kuambukizwa, na kipimo cha aina hiyo kingali kinatumika.

La ajabu zaidi ni kwamba jibu lilikuwa likipikwa katika maabara ya Koch mwenyewe. Mwaka huo huo wa 1890, wasaidizi wake wawili, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato, walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyekingwa dhidi ya pepopunda au dondakoo ina kitu kinachoibatilisha sumu ya ugonjwa huo. Kitu hicho ndicho tukiitacho kingamwili. Behring alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1901, miaka minne kabla ya mkubwa wake.

Baada ya aibu ya tubakulini, Koch alianza maisha ya safari, na safari hizo ndizo zinazomleta kwetu. Alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, mwishoni mwa mwaka 1896 kutafuta kinga ya sotoka iliyokuwa ikiwamaliza ng'ombe wa bara hili. Mwaka 1897, baada ya kuichunguza tauni nchini India, alishukia Dar es Salaam, makao ya utawala wa Wajerumani, akakaa hadi mwaka 1898 akichunguza malaria. Alipopanda Usambara aliandika jambo ambalo kila mwalimu wa Afrika Mashariki angepaswa kulijua: watu wa milimani walieleza kwamba wakiteremkia nyikani huumwa na wadudu waitwao mbu, kisha hupatwa na homa, na homa yenyewe waliiita mbu. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuvihusisha viwili hivyo katika siku ambazo wataalamu walikuwa bado wanabishana.

Tena, simulizi hiyo ilibeba swali la kinga. Kwa nini watu wa milimani waumwe sana wanapoteremka, ilhali wakazi wa tambarare wanaoumwa na mbu kila usiku wanaendelea na shughuli zao? Koch alilipata jibu mwaka 1899 na 1900 alipowapima watu wa Java na New Guinea. Katika vijiji vyenye malaria nyingi, watoto wadogo walijaa vijidudu katika damu, watoto wakubwa walikuwa navyo kidogo, na watu wazima walikuwa kama hawana kabisa. Walionusurika utotoni walikuwa wamejijengea kinga kwa kuugua mara kwa mara. Mtu yule yule aliyempokea Metchnikoff kwa ubaridi alikuwa sasa anausoma ulinzi wa mwili katika damu ya watoto wa vijijini.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Mugutha moja kwa moja. Wengi wanaoishi hapa wametoka magharibi mwa Kenya au Pwani. Mtoto aliyezaliwa na kukulia katika nyanda hizi za juu hana kinga aliyo nayo bibi yake wa Siaya. Anapopelekwa huko wakati wa likizo ya Desemba, yeye ni kama yule mtu wa Usambara aliyeteremka nyikani. Mzazi asiyejua haya hudhani kwamba mtoto ni mwenyeji kwa sababu ukoo wake ni wa huko. Lakini kinga ya aina hiyo hairithiwi pamoja na shamba la babu. Kila mwili huijenga wenyewe, na huipoteza pole pole mtu akikaa mbali.

Safari ya mwisho kubwa ya Koch katika nchi zetu ina giza. Alirejea mwaka 1905 kuchunguza homa ya papasi, na mwaka huo akatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu kifua kikuu. Mwaka 1906 alipiga kambi katika visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale yalikuwa yameangamiza watu kwa maelfu. Aliwatibu wagonjwa wengi kwa atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni walionekana kupata nafuu, ugonjwa ukarudi, naye akaongeza kipimo. Baadhi yao wakapofuka kabisa. Watu wa visiwa vile walilipa kwa macho yao gharama ya majaribio ambayo hawakuwa na uwezo wa kuyakataa, na haifai kuyasimulia maisha ya Koch kwa watoto huku tukiificha sehemu hii. Leo tunajua pia kwa nini malale ni adui mgumu hivyo: kijidudu chake hubadilisha vazi lake la nje kila mara, hivi kwamba kingamwili zinapokuwa tayari kulishambulia vazi la kwanza, mwenyewe amekwisha kuvaa la pili.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Hakuwahi kuipata kinga ya kifua kikuu. Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, walikuwa wakati huo wameanza kukikuza kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe kizazi baada ya kizazi mpaka kikapoteza ukali wake. Kazi hiyo iliwachukua miaka 13. Mwaka 1921 mtoto wa kwanza alipewa chanjo yao, ambayo tunaiita BCG.

Sasa naja kwenye rai yangu. Mwalimu wa Mugutha hahitaji maabara ili afundishe kinga. Awaambie wanafunzi wakunje mikono ya shati na kuutazama mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Wengi wao wana kovu dogo la mviringo. Awaeleze kwamba walipozaliwa walichomwa hapo kijidudu kilichodhoofishwa, mwili ukakikabili, pakatokea kijipele, na kovu likabaki. Awaeleze pia mipaka yake: chanjo hiyo huwalinda watoto wachanga hasa dhidi ya aina kali za kifua kikuu, lakini haimzuii kila mtu mzima kuugua mapafu, na kwa hivyo anayekohoa kwa wiki mbili hana budi kwenda hospitalini.

Kisha awaambie lile ambalo Koch hakulitilia maanani siku zile za 1882. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya wanadamu wote wameambukizwa kijidudu cha kifua kikuu, ilhali wengi mno kati yao hawataugua kamwe. Kijidudu kimo, lakini kinga imekizingira. Kinga hiyo ikidhoofishwa na njaa au na virusi vya UKIMWI, kijidudu hutoka kifungoni. Mwanafunzi akilielewa hili, ataelewa kwa nini mwenye virusi hivyo anahimizwa ameze dawa zake kila siku, na kwa nini lishe bora si anasa. Wala hataona ajabu kwamba tangu mwaka 2019 watoto wa baadhi ya kaunti za magharibi mwa Kenya wamekuwa wakipewa chanjo ya malaria, kwa maana atajua kwamba chanjo ni njia ya kuufunza mwili bila ya kuuacha kwanza uugue.

Kila kunapotangazwa kampeni ya chanjo, uvumi hutangulia kufika nyumbani kabla ya mhudumu wa afya. Mzazi anayeusikia uvumi huo mara nyingi humtazama mtoto wake anayesoma, akitarajia maelezo. Mtoto aliyekariri majina ya viini hana la kumjibu. Aliyefunzwa kazi ya kinga anaweza kumwonyesha mama yake kovu lililo mkononi mwake na kumweleza lilitoka wapi. Walimu tuna uwezo wa kumtayarisha mtoto wa namna hiyo, na muhula huu tunaweza kuanza.