Bela Lugosi: Dracula aliyezikwa na joho lake

MTAZAMAJI anayewasha filamu ya kutisha usiku wa Jumamosi na kumwona mnyonya damu mwenye suti nyeusi, joho refu na nywele zilizolazwa nyuma kwa mafuta, anamwona Bela Lugosi. Ndivyo ilivyo hata kama mwigizaji aliye mbele yake ni mwingine, na jina la Lugosi hajapata kulisikia.

Sura hiyo imeuza filamu, vinyago, fulana na vitu vya kuchezea watoto kwa miongo mingi. Mwenyewe, kwa filamu iliyoitangaza duniani, alilipwa dola 3,500 za Marekani.

Lugosi alizaliwa Oktoba 20, 1882, katika mji wa Lugos, ambao wakati huo ulikuwa Hungary na leo uko Romania kwa jina la Lugoj. Jina lake la ukoo lilikuwa Blaskó; hilo la Lugosi alilitwaa kutoka mji aliozaliwa. Aliacha shule angali mdogo, akafanya vibarua, kisha akazunguka na vikundi vya maigizo vya mikoani hadi akapokewa katika Jumba la Maonyesho la Taifa mjini Budapest.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa ofisa wa jeshi la miguu, akajeruhiwa. Vita vilipokwisha alijitosa katika siasa na kusaidia kuunda chama cha kutetea waigizaji. Serikali ya kikomunisti ya Béla Kun ilipoanguka mwaka 1919, watu wa aina yake walianza kusakwa. Alikimbilia Vienna, kisha Ujerumani, na Desemba 1920 aliingia Marekani kupitia bandari ya New Orleans akiwa baharia wa meli ya mizigo.

Kiingereza hakukijua. Mwaka 1922 alipopata nafasi katika mchezo wa jukwaani mjini New York, alikariri maneno kwa kufuata sauti tu. Lafudhi yake nzito, ambayo ingemfungia milango mingine yote, ndiyo iliyomfungulia mmoja. Mwaka 1927 mchezo wa Dracula, uliotokana na riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, ulifika Broadway, naye akapewa nafasi ya mtawala huyo mnyonya damu. Ulionyeshwa mara 261.

Kampuni ya Universal ilipoamua kuutengenezea filamu, haikumfikiria yeye kwanza. Aliihangaikia nafasi hiyo mwenyewe, na mwishowe akakubali dola 500 kwa wiki, kwa wiki saba. Filamu ilitoka Februari 1931 chini ya mwongozaji Tod Browning, na faida yake iliipa nguvu kampuni hiyo katika miaka migumu ya mdororo wa uchumi.

Anayeitazama leo huenda akashangaa. Damu ni kidogo mno, Dracula haonyeshi meno marefu hata mara moja, na muziki karibu haupo. Nusu ya pili inajikokota. Watu wanasimama sebuleni na kuzungumza kana kwamba bado wako jukwaani. Lakini sehemu ya mwanzo, ndani ya ngome yenye utando wa buibui, bado ina nguvu, na nguvu hiyo inatokana na mwendo wa taratibu wa Lugosi na macho yake yaliyomulikwa kwa mwanga mwembamba.

Kabla yake, filamu ya Ujerumani ya mwaka 1922, Nosferatu, ilikuwa imemwonyesha mnyonya damu kama kiumbe mwenye upara na makucha, mfano wa panya. Lugosi alimgeuza kuwa bwana mwenye adabu, anayestahili kukaribishwa kwa chakula cha jioni. Wasomaji waliotishwa utotoni kwa habari za mumiani wataona tofauti: mumiani hukimbiwa, huyu hufunguliwa mlango.

Baada ya mafanikio hayo, nafasi ya zimwi katika Frankenstein ilimfikia, lakini haikumvutia, kwa kuwa zimwi lenyewe lilikuwa bubu. Aliyeichukua ni Boris Karloff, Mwingereza ambaye umaarufu na malipo yake yalimpita Lugosi kwa miaka yote iliyofuata. Mwaka 1932, mwaka mmoja tu baada ya Dracula, Lugosi alitangaza kufilisika. Alikuwa mtu wa matumizi makubwa, na hilo halikumsaidia.

Mwaka 1936 na 1937 studio za Hollywood ziliacha karibu kabisa kutengeneza filamu za kutisha, sehemu kwa sababu soko la Uingereza lilikuwa limezikazia. Lugosi alikosa kazi akapoteza nyumba. Mwaka 1938 Dracula na Frankenstein zilirudishwa katika majumba ya sinema na watu wakapanga foleni, lakini mapato hayo hayakumhusu. Mkataba wake ulikuwa umekwisha tangu alipolipwa ile wiki ya saba.

Ajabu ni kwamba katika filamu ndefu alimwigiza Dracula mara mbili tu. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1948, katika filamu ya vichekesho ya Abbott na Costello. Katikati ya hapo, Universal ilipomhitaji Dracula mwaka 1944 na 1945, ilimpa kazi John Carradine.

Wakati huo maumivu makali ya neva ya mguu yalikuwa yamemfikisha kwa madaktari waliompa mofini, naye akawa mtumwa wa dawa hizo. Mwaka 1955 alijipeleka mwenyewe katika hospitali ya serikali huko Norwalk, California, na hakulificha jambo hilo kwa waandishi wa habari, jambo ambalo nyota wachache wa enzi hizo wangethubutu. Alitoka baada ya miezi mitatu, akaoa mke wa tano.

Alifariki dunia Agosti 16, 1956, akiwa na umri wa miaka 73. Familia yake ilimzika akiwa amevaa joho la Dracula. Hata kaburini hakupumzishwa: mwongozaji Ed Wood aliingiza vipande vichache vya picha alizompiga katika Plan 9 from Outer Space, na sehemu zilizobaki zikachezwa na mtu mwingine aliyejifunika uso kwa joho.

Mwaka 1966 mjane na mwanawe walifungua kesi dhidi ya Universal, iliyokuwa ikiuza haki za kutumia sura ya Lugosi kwenye bidhaa. Walishinda mwanzoni, lakini mwaka 1979 Mahakama Kuu ya California iliamua kwa kura nne dhidi ya tatu kwamba haki ya mtu juu ya sura yake hufa pamoja naye. Bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 1984 kuwapa warithi haki hiyo, ikaanza kutumika mwaka 1985.

Joho lililozikwa si lile la filamu ya mwaka 1931. Hilo lilibaki na familia, na mwaka 2019 lilikabidhiwa kwa jumba la makumbusho ya filamu la Academy, mjini Los Angeles.