Edward Saidi Tingatinga: mtu aliyeijua rangi ya kopo

Katika vipindi vyetu vya karibuni tumezungumzia upakaji rangi wa magari, pikipiki na bajaji. Wengi mmeuliza swali moja: kwa nini rangi niliyoilipia inabanduka kabla hata mwaka haujaisha?

Mimi mwenyewe yalinikuta. Niliipeleka pikipiki yangu kwenye gereji moja ya uwazi hapa Boko, pembeni ya Barabara ya Bagamoyo. Tangi lake lilikuwa limeshapakwa rangi ya mafuta kwa brashi, ile ya kupaka milango. Kijana aliyenihudumia alikuwa na haraka. Akalipangusa kwa kitambaa, akapulizia rangi ya gari juu yake. Kabla sijalipa, rangi ikaanza kukunjamana kama utando juu ya maziwa yaliyochemka.

Fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa jirani alinieleza kosa lilikuwa wapi. Halafu akaniambia kuwa rangi ya mafuta ina tabia yake, na asiyeijua tabia hiyo atagombana nayo kila siku. Akanitajia mtu mmoja aliyeijua vizuri, ambaye hakuwahi kuwa fundi magari: Edward Saidi Tingatinga.

Vijana wengi wakisikia tingatinga wanafikiria lile gari kubwa la kusukuma udongo barabarani. Wengine wanafikiria picha za wanyama zinazouzwa kwa watalii. Ni wachache wanaokumbuka kuwa lilikuwa jina la mtu, mwenye mke na watoto, aliyeishi Msasani. Makala haya yanaeleza maisha yake, na kile ambacho mpaka rangi wa leo anaweza kujifunza kwake.

Kutoka Tunduru hadi mashamba ya mkonge

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa nchi, wilaya ya Tunduru, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Familia yake ilikuwa ya wakulima. Shule aliyosoma ilikuwa ya madarasa machache tu. Hakuna aliyemfundisha kuchora darasani, na hakukuwa na chuo cha sanaa karibu na kwao.

Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, aliondoka kwao kutafuta kazi. Katika miaka ya 1950 alifika Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Wasikilizaji wetu wenye wazee waliokata mkonge wanaijua kazi ile: jua kali, miiba, na ujira wa kuhesabu mafungu. Baadaye akashuka Dar es Salaam, ambako tayari alikuwa na ndugu.

Mjini alifanya kazi nyingi. Alikuwa mtumishi na mtunza bustani katika nyumba za Oysterbay, sehemu waliyokaa wageni na maofisa. Alifanya vibarua vya ujenzi, aliuza matunda na mboga, na alipiga muziki pamoja na Wamakua wenzake. Hayo ni maisha ambayo mkazi yeyote wa Boko, Bunju au Mbagala anayaelewa. Asubuhi unafanya hili, jioni unafanya lile, ili mkono uende kinywani.

Kopo la rangi na kipande cha dari

Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, Tingatinga alianza kuchora picha za kuuza. Alikuwa na umri wa miaka 36 hivi. Hakuwa na fedha za kununua rangi za wachoraji wala kitambaa cha kuchorea. Alichukua vitu ambavyo fundi yeyote anavijua. Rangi yake ilikuwa rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile iliyotumika kwa baiskeli na milango. Mahali pa karatasi alitumia hadibodi, zile mbao nyembamba za kiwandani zinazopigiliwa kwenye dari, akizikata vipande vya mraba.

Kwa hiyo picha zake, ambazo leo zimo kwenye makumbusho na nyumba za matajiri nchi za mbali, zilitoka kwenye makopo yaleyale ambayo mtu wa kijijini anayakuta duka la vifaa vya ujenzi.

Namna yake ya kazi ilifuata tabia ya rangi hiyo. Kwanza alipaka ubao mzima rangi moja ya chini na kuiacha ikauke. Ndipo alipoweka umbo la mnyama: tembo, chui, ndege, au wakati mwingine watu na mbuyu. Likishakauka, akaweka madoa, macho na mistari ya pembeni. Picha zake nyingi zina mnyama mmoja tu katikati, na nyuma yake rangi tupu. Ukiitazama unaona kila rangi imekaa peke yake, haikuingiliana na jirani yake.

Wapo wanaodhani alichora hivyo kwa sababu hakujua zaidi. Fundi rangi anaona kitu kingine. Rangi ya mafuta haitaki kuchanganywa ikiwa mbichi juu ya ubao. Ukiiharakisha inachafuka. Tingatinga hakushindana nayo. Aliifanya kazi jinsi rangi yenyewe inavyotaka.

Rangi ya mafuta inakaukaje?

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye jibu la tangi langu la pikipiki.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Kwanza kile kimiminika cha kuipunguzia uzito, kwa kawaida tapentaini, hupaa hewani. Kisha mafuta yaliyomo huvuta oksijeni kutoka kwenye hewa na kugeuka kuwa magumu polepole. Juu hushika kwanza, chini bado kukiwa laini. Ukigusa unaona imekauka, kumbe imeshika ngozi tu. Ukiweka tabaka la pili mapema, la chini litavimba au kupasuka.

Rangi nyingi za kupulizia magari zina tabia nyingine. Mnamo miaka ya 1920 viwanda vya magari vya Marekani vilianza kutumia rangi iitwayo Duco, iliyokauka kwa kimiminika chake kupaa tu. Kabla ya hapo, kupaka gari rangi za mafuta kwa brashi na kusubiri kila tabaka kulichukua wiki kadhaa. Rangi hiyo mpya iliufupisha muda huo sana. Lakini tina yake ni kali. Ukiipulizia juu ya rangi ya mafuta, tina inaingia chini, inailainisha ile ya zamani, na yote inanyanyuka. Hilo ndilo lililotokea mbele ya macho yangu.

Fundi makini angeiondoa kwanza rangi ya zamani mpaka kwenye bati, akapiga msasa, akajaza mabonde kwa puti, akapaka praima, akaiacha ikauke, akapiga tena msasa laini, ndipo akapulizia rangi. Kwa magari ya sasa, juu ya rangi huwekwa klia, ile isiyo na rangi yoyote, ambayo ndiyo inayotoa mng'ao na kuzuia jua. Kila hatua inadai subira, kama Tingatinga alivyousubiri ubao wake.

Chini ya mbuyu, Oysterbay

Mahali alipouzia palikuwa penye maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, chini ya mbuyu. Wageni waliokuja kununua mahitaji ya nyumbani waliziona picha na kununua. Bei ilikuwa ndogo, lakini biashara ilianza kuchangamka, na baadaye shirika la umma lililoshughulikia sanaa likaanza kumnunulia kazi zake.

Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, na wakapata watoto wawili. Katika miaka hiyo pia alipata ajira ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Hata hivyo hakuacha brashi. Alitoka kazini, akarudi nyumbani Msasani na kuendelea kuchora.

Oda zilipozidi uwezo wa mikono yake miwili, hakuficha ujuzi. Aliwaita vijana wa ukoo na watu wa kwao kusini, wakakaa naye nyumbani, wakajifunza kwa kutazama na kujaribu. Miongoni mwao walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde. Walijifunza kama wanavyojifunza vijana wa gereji. Mdogo anashika kazi ya kupaka rangi ya chini, mkubwa anamalizia. Hakukuwa na ada wala cheti.

Usiku wa mwaka 1972

Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa na miaka 40 hivi. Usiku mmoja alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake jijini Dar es Salaam. Polisi waliwadhania kuwa wahalifu wanaotoroka, wakapiga risasi. Tingatinga alipigwa na kufa.

Hakuwa mwizi. Alikuwa mhudumu wa hospitali, mume, baba wa watoto wawili wadogo, na mchoraji ambaye jina lake lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kusikika. Tangu alipoanza kuchora hadi siku hiyo ilipita miaka minne tu.

Fikiria, msikilizaji, kama katika miaka hiyo minne angejifungia chumbani ili mtu asimwibie ujuzi. Kila kitu kingezikwa pamoja naye. Leo jina Tingatinga lingekuwa la gari la kusukuma udongo tu.

Kilichobaki

Wale vijana aliowafundisha walirudi chini ya mbuyu wakaendelea. Nao wakafundisha ndugu zao, na ndugu hao wakafundisha wengine. Simon Mpata alihamia Nairobi na kuendeleza kazi huko mpaka alipofariki mwaka 1984. Waliobaki Dar es Salaam walijikusanya, na mwaka 1990 wakasajili chama chao cha ushirika. Mpaka leo, ukifika Oysterbay unawakuta wachoraji wamekaa chini na makopo yao ya rangi, ubao mmoja unakauka huku mwingine unapakwa.

Picha za sasa zimejaa kuliko zake. Zina wanyama wengi, vijiji, masoko, hata daladala. Lakini rangi ni ileile ya mafuta, na utaratibu ni uleule wa tabaka moja baada ya jingine. Jina la mtu mmoja limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa kazi hiyo.

Neno kwa anayeshika brashi leo

Kama wewe ni kijana wa kijijini unayeanza kazi ya rangi, uwe unapaka bodaboda, baiskeli, mageti au mabodi ya gari, chukua mambo matatu kutoka kwenye maisha haya.

La kwanza, anza na kilichopo. Tingatinga hakusubiri vifaa vya gharama. Lakini kijue vizuri kile ulichonacho: soma maandishi ya kwenye kopo, jua kinapunguzwa kwa nini, na ujaribu kwenye kipande kidogo kabla hujagusa mali ya mtu. Ukitaka kujua rangi ya zamani ni ya aina gani, lowesha kitambaa kwa tina na kukiweka juu yake mahali pasipoonekana. Ikivimba au kukunjamana, usipulizie rangi ya gari juu yake.

La pili, subiri. Mteja akikuhimiza, mweleze. Siku mbili za kungoja ni nafuu kuliko kurudia kazi yote bure. Na wakati unasubiri, linda afya yako. Fanyia kazi mahali penye hewa, funika pua na mdomo kwa barakoa inayofaa, weka moto na sigara mbali na tina, na watoto wasicheze karibu. Vumbi la rangi ya zamani linaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo piga msasa kwa maji badala ya kuutimua vumbi hewani.

La tatu, fundisha mwingine. Hakuna anayejua usiku wake ni upi.

Pikipiki yangu ilikuja kupakwa upya na yule fundi mtu mzima. Ilikaa kwake siku nne. Pembeni yake alikuwepo kijana mmoja anayepiga msasa kwa maji, naye mzee akimwonyesha kwa kidole mahali ambapo bado hapajalainika.