Gertrude Elion, mkemia aliyewaachia wajawazito dawa ya hepesi

Wajawazito wengi wenye hepesi, yaani malengelenge ya sehemu za siri, hujifungua watoto wasio na maambukizi. Dawa inayosaidia katika hilo, asikloviri, imetokana na kazi ya mwanamke ambaye maabara nyingi zilimkataa.

Gertrude Elion alizaliwa New York, Marekani, Januari 23, 1918. Akiwa na miaka 15, babu yake alifariki kwa saratani ya tumbo, naye akaamua kusomea sayansi ili atafute tiba. Alihitimu kemia mwaka 1937, lakini maabara hazikutaka kuajiri mwanamke. Akafundisha sekondari huku akisoma shahada ya uzamili, akaipata mwaka 1941. Mwaka huohuo mchumba wake alifariki kwa maambukizi ya bakteria kwenye moyo, kabla penisilini haijawafikia wagonjwa wa kawaida. Hakuolewa maisha yake yote.

Mwaka 1944 aliajiriwa na kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, akawa msaidizi wa George Hitchings. Pamoja walipata dawa ya saratani ya damu kwa watoto, ya jongo, na ya kusaidia mwili usikatae figo iliyopandikizwa.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa kirusi hakiwezi kushambuliwa bila kudhuru seli za mgonjwa. Mwaka 1978, Elion na wenzake walitangaza asikloviri. Dawa hii huamshwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, hivyo hufanya kazi zaidi ndani ya seli zilizoambukizwa. Haimalizi kirusi kilichojificha kwenye neva, bali hukizuia kisiongezeke. Mwaka 1988 alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Hitchings na James Black. Alifariki Februari 21, 1999.

Lakini dawa yake humsaidia mama aliyesema mapema. Ukiwa na historia ya hepesi, wewe au mwenzi wako, mweleze mkunga kliniki bila kuona aibu. Aliyeugua kabla ya mimba humpa mtoto kinga kiasi, na hatari huwa ndogo. Hatari kubwa ni kuambukizwa kwa mara ya kwanza miezi mitatu ya mwisho. Kama mume ana hepesi na mke hana, waepuke tendo la ndoa kipindi hicho.

Daktari anaweza kukuanzishia asikloviri kuanzia wiki ya 36. Uchungu ukianza ukiwa na vidonda, au unahisi muwasho na maumivu yanayotangulia vidonda, kwa kawaida utashauriwa kujifungua kwa upasuaji.

Baada ya kujifungua, nyonyesha kama kawaida, isipokuwa titi lenye kidonda. Nawa mikono kabla ya kumshika mtoto, na mwenye vidonda vya mdomo asimbusu, hata kama ni bibi yake.

Katika wiki sita za kwanza, mtoto akikataa kunyonya, akilegea, akipata homa, malengelenge au degedege, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Hepesi ikishukiwa, huanzishiwa asikloviri kwa mshipa hata kabla majibu ya vipimo hayajatoka. Ikithibitika, tiba huchukua siku 14 hadi 21, na ikianza mapema huokoa maisha na ubongo wake.